Sikukuu Isigeuzwe Siku ya Kumtafuta Mwizi



Kila ikifika Desemba, televisheni na simu zetu hujaa vipindi vya Krismasi. Vingi tunavipita tu, havituhusu. Lakini kuna aina moja ambayo wengi wetu tunaiangalia mpaka mwisho, nazo ni tamthilia za upelelezi za vijijini Uingereza. Mnazijua. Kuna kanisa la mawe, bustani ya maua, mama wa makamo anayepika keki, na jambo baya lililotokea katikati ya watu wenye adabu zao. Damu haionyeshwi sana, matusi hakuna, na hakuna yale mambo ya kumfanya mtu arukie rimoti mbele ya baba mkwe.

Swali tunaloulizana sisi kwa sisi ni hili: kipindi cha sikukuu isiyo yetu, cha padri asiye wa dini yetu, kina faida gani kwetu? Sisi si mashehe na hatutoi fatwa. Mwenye shaka na amuulize shehe wake. Maoni yetu ni kwamba kuangalia hadithi si kushiriki ibada, na kwamba ndani ya vipindi hivi kuna funzo moja ambalo nyumba zetu zinalihitaji sana siku za Iddi. Funzo lenyewe ni kuhusu dhana: nani hushukiwa kwanza, na nani hulipia.

Tuanze na kipindi chenyewe. Father Brown ni tamthilia ya BBC iliyoanza Januari 2013. Mhusika wake mkuu ni padri wa Kikatoliki mwenye kofia pana na mwavuli, anayezunguka kwa baiskeli, akichezwa na Mark Williams. Anaishi Kembleford, kijiji cha kubuni katika vilima vya Cotswolds, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kembleford haipo kwenye ramani, lakini kanisa mnaloliona lipo kweli, katika kijiji cha Blockley, Gloucestershire. Pembeni ya padri yupo Bi McCarthy, katibu wa parokia, mama anayejivunia skonzi zake za stroberi zilizoshinda tuzo na anayejua habari za kila nyumba kabla ya wenye nyumba hawajazijua. Mtaani kwetu yupo kama yeye. Pengine kila mtaa unaye.

Kipindi chao cha sikukuu kinaitwa The Star of Jacob, na kilirushwa mara ya kwanza tarehe 23 Desemba 2016. Kijiji kiko kwenye shamrashamra za Krismasi, mara mtoto mchanga wa Duke wa Frome, mtu wa ukoo mkubwa, anaibiwa kwenye kitanda chake. Padri Brown anaingia kazini ili mtoto arudi kwao. Mwisho hatuusemi, maana wapo ambao bado hawajakiona. Tunachosema ni kwamba mwanamke aliyewahi kunyonyesha hatakiangalia akiwa ametulia. Mkufu ukiibiwa hununuliwa mwingine. Kitanda cha mtoto kikikutwa kitupu, nyumba nzima husimama.

Kwa nini waandishi wa hadithi hizi wanaipenda sana sikukuu? Agatha Christie alitoa riwaya nzima ya Hercule Poirot na Krismasi mwaka 1938. Wale wa Midsomer Murders nao walitoa kipindi chao cha Krismasi mwaka 2004. Sababu si theluji na mataa peke yake. Siku ya sikukuu milango huwa wazi. Ndugu wasiosemeshana hukalishwa meza moja. Wageni huingia na kutoka bila kuulizwa. Zawadi hutembea mkono kwa mkono, vitu vya thamani hutolewa kabatini, na mama mwenye nyumba yuko jikoni, macho yake kwenye sufuria. Kwa mwizi hiyo ni siku ya neema. Kwa mwandishi pia, kwa sababu kila mtu alikuwepo, na kwa hiyo kila mtu anaweza kushukiwa. Wanawake wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Ondoa theluji, weka biriani na watoto wanaopita nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Iddi, utaiona nyumba ileile.

Ukitaka kuiona dhana inavyofanya kazi vizuri zaidi, rudi kwenye hadithi za asili. Padri Brown hakuzaliwa kwenye televisheni. Aliandikwa na Mwingereza G. K. Chesterton, hadithi ya kwanza ikatoka 1910, na kitabu cha kwanza kikafuata 1911. Humo imo hadithi moja ya sikukuu iitwayo The Flying Stars, yaani nyota zirukazo. Ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, kwa hiyo hii tutaisimulia mpaka mwisho bila kumuudhi mtu.

Ni siku ya pili ya Krismasi. Msichana aitwaye Ruby anapewa zawadi na tajiri mmoja, baba yake wa ubatizo. Zawadi ni almasi tatu, na Chesterton anasema wazi kwamba zimetoka Afrika. Zinaitwa nyota zirukazo kwa sababu zimeshaibiwa mara nyingi mno. Nyumbani wapo baba yake Ruby, ambaye ni kanali, mjomba aliyekuja kutoka Canada, Padri Brown aliyealikwa, na kijana jirani anayeitwa Crook, mwandishi wa magazeti, hana kitu, ana siasa za kuwatetea maskini, tena ameingia kwa kuruka ukuta. Ruby na Crook wanapendana. Tajiri hamtaki hata kumwona.

Jioni wanaamua kufanya mchezo wa kuchekesha, watu wavae nguo za maigizo. Katikati ya mchezo anaingia polisi, na mjomba anampiga mpaka anaanguka. Watu wanacheka mpaka machozi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kumbe polisi yule ni wa kweli, kaja kumkamata mjomba, na mjomba si mjomba. Ni Flambeau, mwizi mashuhuri. Almasi zimeshatoka mfukoni mwa tajiri. Wenyewe tunasema kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo ndipo funzo linapoanza. Padri Brown anautoa mwenyewe kila kitu kilichomo mifukoni mwake kikaonekana, maana hata yeye ni mgeni na anaweza kushukiwa. Kisha anatoka peke yake kwenda bustanini usiku, anamkuta Flambeau juu ya mti akijiandaa kukimbia. Hamwitii watu wala hampigii kelele. Anamwambia jambo moja zito: kwamba yeye Flambeau alikuwa akijisifu hafanyi mambo ya kinyonge, lakini usiku ule anafanya la kinyonge kabisa, kwa sababu lawama zote zitamwangukia yule kijana maskini ambaye tayari watu hawamtaki, na atatenganishwa na msichana anayempenda. Almasi zinadondoka kutoka juu ya mti, na ule unakuwa wizi wa mwisho wa Flambeau. Katika hadithi za baadaye anakuwa mpelelezi mwenyewe, na rafiki wa padri.

Hebu tulitazame hili kwa macho ya wanawake na mabibi harusi. Kilichokuwa hatarini usiku ule ni ndoa. Almasi zingepotea, tajiri angenuna mwaka mzima kisha angenunua nyingine. Kijana yule je? Nani angemwoza binti yake mtu ambaye jina lake limeshatajwa kwenye wizi? Hata kama asingepatikana na hatia, maneno yangebaki. Padri alilielewa hilo, na mwizi alipoambiwa, naye akalielewa. Kwa hiyo tunasema hadithi hii haihusu nani kaiba. Inahusu nani angeungua kwa moto wa mwingine.

Wapo watakaosema haya ni ya kwenye vitabu. Basi tuitazame Uingereza yenyewe ya wakati ule, miaka ambayo Kembleford ya televisheni imewekwa. Nchi ilikuwa inatoka vitani. Sukari na nyama zilipatikana kwa kadi za mgao, na mgao wenyewe haukuisha kabisa mpaka Julai 1954, kwa hiyo keki ya sikukuu ilikuwa keki kweli. Na hukumu ya mauaji ilikuwa kunyongwa. Mwezi Machi 1950, kijana aitwaye Timothy Evans, mzaliwa wa Wales, alinyongwa kwa kosa la kumuua binti yake mchanga. Mahakamani alisema muuaji ni jirani yake wa nyumba hiyohiyo ya London, John Christie. Hakuaminiwa. Christie alikuwa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, naye ndiye aliyeaminiwa. Miaka mitatu baadaye, 1953, maiti za wanawake ziligunduliwa katika nyumba ile, na Christie akakiri kuwaua wanawake kadhaa, akiwemo mke wa Evans. Christie naye akanyongwa. Evans alisamehewa rasmi mwaka 1966. Msamaha ulimkuta kaburini. Baada ya hapo hukumu ya kifo ya mauaji, ambayo Bunge lilikuwa limeisimamisha mwaka 1965, ilifutwa Uingereza mwaka 1969, na kesi ya Evans ilikuwa miongoni mwa zilizowagusa sana watu katika mjadala huo.

Kwa hiyo mnapomwona Inspekta wa Kembleford anamkamata mtu wa kwanza aliyemkuta karibu, nasi tunacheka, tukumbuke kwamba kicheko kile kina kamba ya kitanzi nyuma yake. Padri anakimbia na baiskeli yake kwa sababu mtu asiye na kosa anaweza kufa.

Sasa tuje kwetu, kwa adabu. Sisi tunayo hadithi ya mkufu iliyo kubwa kuliko zote, na si ya kubuni. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliachwa nyuma na msafara alipokuwa akiutafuta mkufu wake uliopotea. Safwan akamkuta, akamfikisha salama. Yaliyosemwa baada ya hapo yanajulikana kwa jina la Ifk, na uzushi ule uliutikisa mji wa Madina kwa muda wa karibu mwezi mzima, mpaka ikashuka Suratun Nur kumtakasa. Tunalolikumbuka sana katika kisa hiki ni msimamo wa Bibi Zaynab bint Jahsh. Alikuwa mke mwenza. Kama ni wivu, alikuwa na nafasi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomuuliza kuhusu Aisha, alijibu kwamba anayalinda masikio yake na macho yake, na hajui kwake ila kheri. Dada yake mwenyewe, Hamna, alikuwa miongoni mwa walioyaeneza maneno. Nyumba moja, dada wawili: mmoja aliuzuia ulimi, mmoja aliuachia.

Kuna mwenzetu mmoja aliyetupinga vizuri. Alisema: lakini upelelezi wenyewe si ndiyo kuchunguzana kulikokatazwa? Suratul Hujurat inakataza kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana, na nyinyi mnatusifia mpelelezi! Ni hoja nzito na tunaiheshimu. Jibu letu ni kwamba kuna tofauti kati ya kutafuta haki ya aliyedhulumiwa na kufukua aibu ya mtu aliyetulia. Mtoto akiibiwa kitandani, kumtafuta ni wajibu. Kumchunguza bibi harusi kwa nini hajashika mimba, au mahari yake yalikuwa kiasi gani, au kwa nini mumewe karudi mapema kutoka msikitini, huo hautafuti haki ya mtu yeyote. Katika Surat Yusuf kanzu iliyochanika kwa nyuma ilikuwa ushahidi, na ulitafutwa kwa sababu mtu kashtakiwa. Hakuna aliyekwenda kupekua makabati ili apate la kusema.

Hapa tuna lawama yetu kwa tamthilia hii. Umbea wa Bi McCarthy umepambwa mno. Anasikiliza mlangoni, anapeleka maneno, na kila mara maneno yake yanageuka kuwa kidokezo kinachomsaidia padri. Hivyo mtazamaji anafundishwa kwa utamu kwamba umbea una faida, mradi uwe na chai na skonzi. Katika maisha mambo hayaendi hivyo. Kwa kila neno la umbea linaloufichua uovu, yapo mengi yaliyowaharibia watu nyumba zao bila kufichua chochote. Nasi tuna msemo unaotuponza: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Msemo huo ulimwangusha nani ila mtu ambaye hakuwepo kujitetea? Tunasema wazi kwamba siku ya Ifk lilisemwa, na halikuwepo.

Kwa nini tumewalenga mabibi harusi? Kwa sababu Iddi ya kwanza katika nyumba ya wakwe ni kipindi cha sikukuu kamili. Bibi harusi ndiye mgeni. Hajui vitu vinawekwa wapi, hajui nani hasemeshani na nani, anacheka mahali pasipochekewa. Ikipotea bangili ya wifi siku hiyo, macho hukimbilia kwa nani? Kwa mgeni, au kwa msichana wa kazi. Mara chache sana hukimbilia kwa mjomba anayeheshimiwa. Na bibi harusi naye hana usalama na dhana yake mwenyewe. Kitu chake kikipotea, wa kwanza kumfikiria ni wifi mwenye husda, au yule msichana wa jikoni ambaye hana wa kumtetea. Dhana hupenda mtu asiye na mtetezi. Ndivyo ilivyompenda Crook wa hadithini na Evans wa kweli.

Tunapendekeza mambo machache, na hayana gharama.

Kitu kikipotea siku ya sikukuu, kitafuteni kwanza kama kitu kilichopotea. Fungueni mifuko ya foronya, angalieni karibu na beseni la kutilia udhu, waulizeni watoto kwa upole. Bangili nyingi zilizoibiwa zilikutwa chini ya godoro.

Msiseme jina la mtu kabla ya ushahidi, hata kwa kunong'ona, na msilipeleke kwenye kundi la familia la WhatsApp. Sauti ikishatumwa hairudi, hata ukiifuta.

Mwenye nyumba na ajitoe mwenyewe kwanza. Padri Brown aliitoa mifuko yake bila kuambiwa, na kwa kufanya hivyo alimpunguzia aibu kila aliyebaki. Mama mkwe akisema tuanze na chumba changu, nani atajiona ametukanwa?

Na kama mkosaji kweli amejulikana, tafuteni bustani ya kumwambia. Faragha, maneno machache, na mlango wa kurudishia. Flambeau asingerudisha almasi mbele ya watu. Wetu wa nyumbani hawatarudisha mbele ya mawifi sita. Sitara ni amana, na anayemsitiri mwenzake ameahidiwa kusitiriwa. Ila hapa tusichanganye: pale ambapo mtu anapigwa, au mtoto anaumizwa, kunyamaza si sitara. Hapo aitwe mzee mwenye busara, aitwe sheha, na ikibidi polisi, kwa sababu aliyeumizwa ana haki yake.

Basi mwenye kupenda vipindi hivi na aviangalie, akiwa na kikombe chake cha chai ya tangawizi, na akiwa na watoto awaeleze ni ibada ya nani na kwa nini si yetu. Lakini kabla hujabahatisha nani kaiba, jaribu kubahatisha nani atasingiziwa. Utaona karibu kila mara ni maskini, mgeni, au aliyekuwa na jina baya tangu mwanzo. Ukishalizoea jicho hilo kwenye televisheni, lichukue Iddi inayokuja uende nalo ukumbini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusimfanye mgeni wetu aondoke akiwa mgonjwa wa maneno yetu.

Allah azitie sitara nyumba zetu, awape mabibi harusi wetu mawifi wenye ndimi njema, na atujaalie sisi kuwa mawifi hao. Aamin.